Kaburi la Sitini na Nne

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Kaunti yetu, Mheshimiwa Delphine Rutledge,

"Mama yako jagi angelipata wapi, Vashti? Mama yako alinywea kopo!"

"Kopo lenyewe lilikuwa lake, Eulalie. Hakuishi kwa kuazima kama wa kwenu!"

Hayo si maneno ya kumpokelea mgeni, tunajua. Mchungaji alitushauri tuyafute. Lakini habari yetu ilianza hivyo, makaburini, asubuhi moja ya Machi, Vashti Mikell na jirani yake Eulalie Grayson wakinyang'anyana jagi la buluu lililovunjika, na sisi wengine tumewazunguka, wala hakuna aliyejisumbua kuwaamua. Sisi wakazi wa kisiwa hiki cha Polite Bluff hatujui kusimulia jambo kwa kuruka utamu wake.

KARIBU

Karibu sana, Mheshimiwa, wewe na dereva wako. Umetukuta kwenye Sherehe za Urithi, kisiwa kimefurika. Jamaa zetu wa Philadelphia wamerudi wote, wengine tumewalaza kanisani.

TULIKOTOKA

Wazee wetu walilima mpunga na pamba hapa wakiwa watumwa, mali ya watu. Walipopata uhuru, kitu cha kwanza walichochangia pamoja hakikuwa nyumbu wa kulimia wala jembe. Ni ekari mbili za kuzikana. Mawe ya kuchonga majina hawakuyaweza. Kwa hiyo aliyekufa aliwekewa juu ya kaburi chombo alichokitumia mwisho: kikombe, sahani, taa, saa ya mezani. Chombo kinavunjwa kidogo, ili mauti yakatike hapo yasimfuate mwingine nyumbani. Mpaka leo twafanya hivyo. Mpita njia ataona vigae tu, nasi tunaona nani kalala wapi.

YALIYOTUPATA

Februari, mwezi wa historia ya watu Weusi, walikuja watu arobaini wa kampuni moja ya mjini, fulana za njano, kutusaidia kusafisha makaburi. Tulifurahi kweli. Na hapa tukiri kosa letu. Mgeni akija kukufanyia kazi, kwetu huendi kumsimamia, unaenda jikoni. Kijiji kizima tulikuwa jikoni! Tulipowapelekea kaa na wali mwekundu, makaburi yalikuwa meupe, hayana hata kigae. Magunia kumi na moja yalikuwa yamefungwa tayari kwa kutupwa.

"Mbona hukuuliza, baba?" tulimwambia kiongozi wao, Bwana Kessler.

"Niliona aibu," akasema, macho chini. "Niliona nikiuliza, mtajua sijui lolote kuhusu nyinyi."

Hakutukimbia. Amerudi kila Jumamosi, na leo yuko pale nyuma. Tunaomba apigiwe makofi.

Lakini wiki ileile alipita mpimaji wa barabara mpya inayopangwa kupita huku kwenda uwanja wa gofu. Akatazama, hakuona kitu, akaandika: kiwanja kitupu.

BI LURLINE

Ndipo tukafungua magunia wenyewe, na ndipo jagi likagombaniwa. Akaingia katikati Bi Lurline Chisolm, dobi mstaafu wa hoteli, yule mwenye kofia ya zambarau. Mheshimiwa, tuseme ukweli mbele yake: Bi Lurline ni mmbeya. Hakuna sufuria kisiwani hapa ambayo hajaifunua.

"Hebu leteni," akasema. "Waongo nyote wawili. Jagi ni la Bi Sabina Fripp. Mama zenu waliliazima kwa zamu, na hakuna aliyelirudisha mpaka afuatwe mlangoni." Akatembea nalo hadi kwenye mwerezi, akaliweka chini. "Analala hapa."

Tulicheka sana. Naye akapakua gunia la kwanza.

Siku tatu, Mheshimiwa. Alikigeuza kila kigae mkononi, akakinusa, akamtaja mwenye nacho. Hiki cha Cudjoe, alikuwa akila peke yake asije akaombwa. Taa hii ya Rinah mkunga, kioo alikipasua yeye Lurline akiwa na miaka sita, na kofi lake analikumbuka. Vicheko vikatuisha mmoja baada ya mwingine. Wanaume wakavua kofia. Chuo kikuu kikatuletea mashine ya kuchungulia ardhini bila kuchimba. Sehemu sitini na tatu Bi Lurline aliweka vyombo, na chini yake mashine ikaona makaburi sitini na matatu. Fundi aliizima akaiwasha upya, akidhani imeharibika.

Kisha Bi Lurline akaenda pembe ya mashariki mikono mitupu. Akainama, akagusa nyasi.

"Na hapa. Huyu hana chombo. Hakuishi hadi kushika kijiko."

Mashine ikaonyesha kaburi la urefu wa mkono.

"Mtoto wa nani, Lurline?" tukauliza kwa mkupuo.

"Aliyeniambia alinikataza kusema."

"Lini?"

"Mwaka wa sitini na tisa."

Mashine ilitushangaza, Mheshimiwa, hatukatai. Lakini kwamba Lurline Chisolm alikuwa na neno moja alilolibana kifuani zaidi ya miaka hamsini, hapo tulikosa pumzi. Eulalie alikaa chini kwenye nyasi. Vashti alimshika Lurline mkono.

OMBI LETU

Tulijaza fomu ya kuyaandikisha makaburi. Ofisi yako ikairudisha. Makaburi sitini na matatu yana majina, la sitini na nne halina, kwa hiyo pembe ya mashariki haihesabiwi kuwa makaburi, na barabara itapita juu yake.

Tulimrudia Bi Lurline. "Jina moja tu, dada, tuokoe pembe."

Alilia. "Nikilitaja, nitakuwa nimeulinda udongo nikamwuza mama yake."

Hatukumwuliza tena, nasi tunakuomba usimwulize.

Kila Februari watu hutuuliza wafanye nini kuuenzi urithi wetu na kutusaidia. Waje. Waulize kabla ya kushika reki. Kuuliza si aibu. Na wewe, Mheshimiwa, hatukuombi mnara wala bango. Tunakuomba uchukue ile fomu, kwenye mstari wa sitini na nne uandike "Mtoto, anajulikana na watu wake," utie sahihi, na barabara izunguke.

Mungu akulinde wewe na uzao wako, akupe miaka mingi na usingizi mnono. Ni sisi, Wakazi na Chama cha Mazishi cha Polite Bluff.

Bi Lurline ameomba tuongeze jambo moja. Kalamu iko mezani, lakini chakula hatukukipika kwa ajili ya sahihi. Ukubali ukatae, wali umeiva, kamba wametoka majini alfajiri, na bamia inapoa. Umesimama juani muda mrefu, mama. Ingia ndani ule.