Mzee Subiri, Kinyozi Aliyengoja Wanaotumwa

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Subiri, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, sakafuni mwa karakana ya viatu ya babu yetu, siku ambayo mvua ilimzuia bibi kwenda kokote. Mkunga alikuwamo humo humo, amefuata kiatu chake kilichong'oka kisigino. Bibi alimsimulia Baba habari hiyo tangu akiwa mdogo, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba Mungu alikivunja kile kisigino kwa makusudi. Mimi, binti yake wa pili ninayewasomea haya, nilikuwa nauliza tangu utotoni kwa nini Mungu hakumleta mkunga na viatu vyake vizima. Mpaka leo sijajibiwa.

Alisoma hadi darasa la nane katika shule ya bweni. Huko kinyozi wa shule aliugua siku moja kabla ya ukaguzi, na mwalimu wa zamu akampa Baba mkasi kwa sababu tu ndiye aliyeketi karibu na mlango. Wenzake wengine walitoka na vichwa vya mabaka, lakini mkono wake ulikuwa umeshapata kazi. Na pale mlangoni alikuwa amehamia kwa sababu dirisha la upande wake lilivunjika. Hilo dirisha nalo alilihesabu kuwa kazi ya Mungu.

Mwaka 1974 alifungua chumba chake cha kunyolea, mkabala na soko. Kilikuwa na viti viwili, kimoja pedeli yake haikumpandisha mtu wala kumshusha, na kioo chenye ufa kwenye kona. Kulinukia spiriti na poda. Kitu kikiharibika, Baba hakulalamika. Mashine ikizima, wembe ukipotea, mvua ikimfungia mteja ndani, alifuta mikono kwa taulo, akaketi, akasema, "Subiri. Kuna mtu anakuja." Na kweli mara nyingi mtu alikuja, maana sokoni watu hawakosekani. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakohoa.

"Na hao wa sokoni, mwanangu, wanatumwa na nani?"

Ndivyo alivyompata Mama. Mwaka 1979 alikuwa akimnyoa kijana mmoja aliyekuwa msimamizi wa bwana harusi siku hiyo hiyo, umeme ukakatika, nusu ya kichwa ikiwa safi na nusu ikiwa msitu. Kijana alitaka kukimbia hivyo hivyo. Baba akamkalisha. Mara dada wa yule kijana akatokea mlangoni, amefura kwa hasira.

"Wewe! Watu wako kwenye gari, wewe umekaa hapa na nusu kichwa?"

"Karibu, dada," Baba akasema. "Nilijua kuna mtu anakuja."

"Sijaja kwako mimi. Nimemfuata kichaa wangu."

Walifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1980. Mama anashikilia hadi leo kwamba waliowakutanisha ni watu wa umeme.

Walijaliwa watoto watatu, na hapa ndipo roho yangu haitulii. Mwaka 2009 kaka yetu mkubwa aliitwa kwenye usaili wa kazi ya kiwandani aliyoihangaikia kufa na kupona. Baba alikuwa akimpeleka kwa gari la kuazima, likapata pancha, na tairi la akiba halikuwa na upepo. Kaka alitaka wakimbie hadi barabara kuu wakatafute usafiri. Baba akaketi juu ya jiwe. "Subiri. Kuna mtu anakuja." Aliyekuja ni mbuzi, na nyuma yake mwenye mbuzi, ambaye hakuwa na pampu. Walipofika kiwandani, lango lilikuwa limefungwa na nafasi amepewa mwingine.

Jioni ile kaka alisimama mlangoni mwa jikoni, begi begani. "Baba, Mungu wako hana haraka na mtu. Mimi ninayo." Alikwenda mji wa mbali, hakurudi. Alikuwa akimpigia simu Mama tu. Baba hakuacha kungoja, na mimi sikuacha kuukasirikia ungojaji wake.

Mwaka 2022 madaktari walisema moyo wake umetanuka. Wodini aliomba kitanda cha karibu na mlango. Alasiri moja aliniita nisogee.

"Ile siku ya pancha," akasema, "nilikaa nikingoja mtu aje. Kumbe mtu wa kutumwa siku ile nilikuwa mimi. Miguu nilikuwa nayo, ya kukimbia na mwanangu. Nikakaa."

"Mpigie umwambie, Baba."

"Hayo si maneno ya simu. Nitamwambia akija."

"Tena kungoja!" nikasema, na sauti yangu iliwageuza wagonjwa wengine. Yeye akageukia mlango.

Alifariki asubuhi ya tarehe 17 Juni 2023. Sikuwapo. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya dawa, mbele yangu mtu anabishana na mhudumu, nami nikajiuliza, na bado najiuliza, nani alikuwa anakuja kwa ucheleweshaji ule. Aliyekuwapo ni mama mfanya usafi, aliyerudi kuchukua ndoo aliyoisahau. Yule mama aliniambia hivi: "Mzee alinishika mkono akasema, 'Umekuja.' Mimi sikujua ananiita nani. Nikamwambia, ndiyo Baba, nimekuja. Akatulia." Nilimshukuru mama yule, na nilimwonea wivu, yote mawili kwa pamoja. Kama ile ndoo ilisahauliwa kwa makusudi, basi sina la kubisha. Sijui.

Mama alimpa kaka habari za msiba. Alijibu kwamba atajaribu. Tangu asubuhi mmeniona nikichungulia lango, nikikaa, nikisimama. Nasoma polepole, nikijua kwa nini.

Baba ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na viti viwili, kimoja kibovu. Apumzike kwa amani, kungoja kwake kumekwisha.

Mimi miguu ninayo. Kaka, maneno ya Baba kwako nimeyabeba, na kesho alfajiri napanda basi. Usitoke hapo ulipo. Kuna mtu anakuja.