Doa la Benchi la Mwisho

Kijiwe kinatazamana na kanisa, na wiki hii hakina habari nyingine ila rangi. Fundi Brashi ameshapaka kanisa lote ndani: dari la buluu, nyota za dhahabu juu ya tabernakulo, nguzo nyeupe pee. Kimebaki kipande kimoja tu cha ukuta, upana wa sinia, kando ya benchi la mwisho. Kina doa jeusi, na fundi hataki kuligusa. Padri amesema limalizike leo, maana kesho askofu anakuja kulitabaruku kanisa. Brashi amekaa na kikombe chake, ndoo ya sabuni miguuni, anasikiliza wenzake wakimjadili kana kwamba hayupo.

— Rangi imemwishia, anaona haya kusema, alisema Redio, mtu ambaye hajawahi kukosa habari.

— Madebe mawili yako pale mlangoni! Kinyozi akamkatiza. Ule ni unyevu tu.

— Unyevu gani? Pale kuna sura ya mtakatifu. Mke wangu kaiona, ina ushungi kabisa.

— Mkeo si ndiye aliyeona sura kwenye sufuria iliyoungua?

Wakacheka. Redio hakukubali kushindwa.

— Haya, basi sikilizeni. Mapadri wa zamani walifukia vikombe vya dhahabu nyuma ya ukuta ule. Fundi kaweka alama, akirudi anachimba!

— Fundi, hebu tusaidie, alisema Kinyozi. Huyu atatuua.

Brashi alikohoa kidogo.

— Ni mafuta. Usipoyasugua kwa sabuni kwanza, hata upake mara ngapi, doa linarudi.

— Si uyasugue basi, bwana! Askofu huyo anakuja!

Tangu asubuhi Brashi alikuwa amelowesha kitambaa mara tatu, na mara tatu mkono ulikataa.

Ndipo akaja msusi, yule dada aliyehamia juzi kwenye chumba cha jirani. Aliomba kahawa, akaketi ukingoni.

— Shikamooni. Hilo doa nimeliona nilipopita kusali. Ni mafuta ya nywele, hata ukutani kwangu yapo. Nani alikuwa anaegemeza kichwa pale?

Kinyozi akatazama ndani ya kikombe chake. Redio alifungua mdomo, akaufumba. Wote wawili walikuwa wamelibeba jeneza la mke wa Brashi, na wote walikumbuka jinsi ugonjwa ulivyomhamisha kutoka benchi la mbele hadi la mwisho, penye ukuta wa kumshikilia. Brashi alimkumbuka akisinzia pale wakati wa mahubiri.

Aliweka kikombe chini, akachukua brashi yake.

— Fundi, Redio aliita taratibu. Umesahau ndoo ya sabuni.

— Sijasahau, alisema Brashi, akavuka barabara.