Amina Moja Inatosha

Bwana asifiwe, ndugu zangu!

Najua desturi yetu. Mkishaitikia, msemaji hurudia, "Asifiwe tena!" nanyi mnaitikia kwa nguvu zaidi. Leo nisameheni. Nimesema mara moja na nitaishia hapo. Mwanangu Eliana amekaa pale benchi la mbele, ana miaka saba, na ananihesabia kwa vidole. Mkinisikiliza hadi mwisho mtaelewa kwa nini hilo si jambo dogo.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Mama Eli, nauza zipu, vifungo na nyuzi za cherehani Kariakoo, na tunakaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Ila mnanifahamu zaidi kwa jambo jingine. Mlikuwa mkiniita Jenerali wa Maombi. Nikipewa kipaza sauti kufunga ibada, aliyebandika maharage nyumbani alijua yameshaungua. Mlisema nina upako. Ndugu zangu, nilikuwa naumwa!

Niwaeleze taratibu, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa.

Tangu nikiwa mdogo nilifundishwa kwamba Amina maana yake ni "na iwe hivyo". Nikaichukua kama muhuri. Sasa, Eli alipokuwa mchanga, siku moja nilikuwa namwombea, na pale pale nilipofika kwenye Amina ikapita picha kichwani mwangu: mtoto amelala, hapumui. Ilipita upesi, kama mtu anayepita mbele ya mlango uliofunguliwa. Lakini neno lilikuwa limeshatoka mdomoni. Nikashtuka! Nimesema "na iwe hivyo" juu ya picha ile! Nimegonga muhuri pabaya! Nikaomba upya haraka haraka, nikasema Amina nyingine ya kufuta ile ya kwanza. Picha ikaja tena, safari hii ikiwa wazi zaidi.

Hapo ndipo nilipoingia, na sikutoka kwa miaka sita.

Zikazaliwa sheria. Hakuna aliyenipa, zilijizaa zenyewe. Lazima viganja vyote viwili vikutane. Lazima macho yafumbwe. Lazima Amina zitoke tatu bila picha kupita katikati. Ikipita, nianze upya, ziwe saba. Ikipita tena, ziwe ishirini na moja. Asubuhi nilisimama kwenye ngazi na begi la shule la Eli mkononi, midomo ikienda, majirani wakinipisha kwa heshima. Nikifika dukani, kufuli mkononi, siwezi kulifungua. Chai ilipoa. Mteja alisema, "Mama, nipe zipu nyeusi ya inchi nane," nami nikamnyooshea kidole asubiri. Mwili ulikuwa umekaa, ndani nilikuwa nakimbia. Hamjaona uchovu wa namna ile! Eli akajifunza kunihesabia. Alidhani ndivyo mama wote wanavyosali.

Sikumwambia mtu kuhusu zile picha. Ningemwambia nani? Jenerali wa Maombi, kila akimwombea mwanawe anamwona maiti? Nilijua jibu: mama wa namna hiyo anamtakia mwanawe mabaya. Kwa hiyo nilificha, na nyinyi mliposifu urefu wa maombi yangu, niliona afadhali msifu kuliko mjue.

Ikaja Jumamosi ya Magogoni.

Tulikuwa tunaenda Kigamboni kwa wifi yangu, dada yake Baba Eli. Tumesimama pale Magogoni kwenye banda la kusubiri pantoni, watu wamejaa, baiskeli, ndoo, magunia. Nimemshika Eli mkono. Geti likafunguliwa, watu wakaanza kusukumana kwenda mbele. Na picha ikaja: pantoni inaenda chini, Eli yuko majini. Lazima niombe kabla hatujakanyaga chuma kile! Na mnakumbuka sheria. Viganja vyote viwili.

Ndugu zangu, niliuachia mkono wa mwanangu ili nimwombee usalama.

Nilipofumbua macho, mahali alipokuwa amesimama palikuwa na mwanaume mwenye kreti la soda. Umati ulikuwa umembeba Eli. Geti limefungwa, pantoni inaachia gati.

"Mama, subiri inayofuata," askari wa getini akaniambia.

"Mwanangu yuko ndani!"

"Yuko na nani?"

"Yuko peke yake! Ana miaka sita!"

"Sasa mama, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Na nitawaambia lililo baya zaidi, maana nimeahidi kusema kweli. Badala ya kumjibu, badala ya kupiga simu, nilikutanisha viganja nikaanza upya. Amina, Amina, Amina. Mpaka yule askari akanitikisa bega, "We mama! Simu unayo? Piga simu!"

Mungu alikuwa amekwisha kumtuma mtu. Ndani ya pantoni dada mmoja anayeuza karanga alimwona mtoto hana mwenyewe, akamshika mkono, akashuka naye ng'ambo. Eli anaijua namba ya baba yake kwa kichwa, akamtajia. Dada yule akapiga. Baba Eli alimuuliza, "Mama yake yuko wapi?" Akasikia mtoto anajibu kwa utulivu kabisa, "Mama anasali. Akimaliza atakuja."

Mume wangu ni fundi wa mafriji, si mtu wa maneno mengi. Jioni ile alinikalisha, akasema, "Mama Eli, mimi sikufukuzi na wala sikuachi. Lakini mtoto atakaa kwa dada yangu Kigamboni. Siku utakayoweza kusema Amina moja ukaondoka, ndiyo siku atakayorudi."

Amina moja! Mtu mwingine angecheka kwa wepesi wa sharti lile. Mimi nililia, kwa sababu nilijua siliwezi.

Nilikuja hapa. Mliniombea, mkaniwekea mikono, nikaanguka, mkashangilia. Siwadharau, wapendwa, mlinipa mlichokuwa nacho, kwa upendo. Ila Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye ngazi zile zile saa nzima, na sasa nilikuwa na jambo jipya la kuogopa: kwamba hata Mungu ameshindwa na mimi.

Msaada ulitokea nisikotazamia. Fremu ya duka iliyo jirani na yangu ni ya Mama Zuhura, muuza kanga, mzaliwa wa hapo hapo mjini. Siku hiyo alinikuta nimeganda mlangoni, machozi yananitoka na kufuli mkononi.

"Shoga," akasema, "kila siku nakuona na nanyamaza, nasema dini ya mwenzangu siijui. Leo sinyamazi. Hiyo si sala. Hiyo ni wasiwasi."

Nikamjibu kwa hasira, "Nani hana wasiwasi Kariakoo hii?"

"Ah, siyo huo wa kuogopa mgambo wa jiji! Wasiwasi wenyewe! Kaka yangu Athumani alikuwa nao. Akishika udhu, ndoo nzima inaisha. Watu wameshasali, wameshatoka msikitini, wameshakunywa kahawa, yeye bado yuko kwenye mguu wa kulia! Anasema haujatakata. Shehe wetu ndiye aliyemwambia, 'Athumani, osha mara tatu, inuka, hata moyo ukikataa.' Alipoona hawezi, akampeleka mwenyewe hospitali. Leo ana mke, na mke analalamika haogi vya kutosha."

Nilicheka! Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Sisi sote tunalitumia neno wasiwasi kila siku, na mimi niliishi miaka sita bila kujua kwamba ndilo jina la kitu kilichonikalia. Na watu wa dini nyingine walikuwa nalo, wanalijua, hata wanalitania. Mama Zuhura akafunga duka lake, akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko nilivyotegemea. Nilimweleza sheria zote. Zile picha nikamweleza huku nimeangalia sakafu. Nikangoja aite watu waje waninyang'anye mtoto.

Akasema, "Mimi nikimpandisha mwanangu ngazi, huwa naona namwangusha."

"Wewe daktari?"

"Mimi. Na watu wengi sana. Ubongo kazi yake ni kuwazia hatari kabla haijaja. Picha inakuja, inaonekana ni upuuzi, inapita. Kwako haipiti. Hiyo ndiyo tofauti, Mama Eli. Wala si kwamba unamtakia mabaya. Ungemtakia, isingekutesa."

Akageuza karatasi akanichorea, na mimi nawachorea kwa maneno. Ubongo una chembe nyingi mno ziitwazo seli za neva. Zinapelekeana habari kwa umeme mdogo sana, na pale seli moja inapoishia, habari huvuka kwenda nyingine kwa kemikali. Seli hizo zimejipanga katika njia. Njia moja huanzia mbele, hapa juu ya macho; kazi yake ni kusema, "Angalia! Kuna jambo halijakaa sawa!" Habari inaingia katikati ya ubongo, inachujwa, kisha inarudi mbele ikiwa imepoa: "Tumeona, imetosha, endelea." Ni mzunguko. Kwa mgonjwa wa wasiwasi, ile "angalia" inazunguka na kurudi na nguvu zake zote, na "imetosha" haifiki. Umefunga kufuli kwa mkono wako, macho yameona, lakini ndani hakuna kinachokuambia limefungwa.

Nikamwambia, "Daktari, hiyo ni zipu."

"Zipu?"

Wateja huniletea kila wiki suruali wanayotaka kuitupa. Unapandisha kichwa cha zipu, kinapanda vizuri, lakini nyuma yake meno hayashikani. Unashusha, unapandisha, kumi, ishirini, ndiyo kwanza yanaachana. Wanadhani meno yameharibika. Meno mazima! Kilicholegea ni kichwa. Ukizidi kuvuta unazidi kukilegeza. Dawa yake ni koleo: unakibana kidogo huku, kidogo huku, bila haraka.

Daktari akacheka, akasema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo. "Na kila Amina uliyorudia," akasema, "ilikuwa ni kuvuta tena. Ukirudia, unaufundisha ubongo kwamba picha ile ilikuwa hatari ya kweli. Njia inayopitiwa kila siku inazidi kuwa nyepesi kupita."

Nikamuuliza swali ambalo baadhi yenu mnalo sasa hivi: "Je, si pepo?"

Hakunicheka. Akasema, "Mama, na mimi nasali. Lakini Mungu ndiye aliyeziumba hizi seli, na mimi amenipa kuzijua kidogo. Acha nifanye kazi yangu."

Alinipa vidonge vya kusaidia ile kemikali ya kupeleka habari, akanionya kwamba vitachukua wiki kadhaa, nisikate tamaa. Na akanipa mazoezi. Hayo mazoezi, ndugu zangu! Sema Amina moja. Picha ikija, iache ije. Usiifute. Kalia viganja vyako, ngoja. Siku ya kwanza nilihisi siafu wanatembea ndani ya kifua. Nilitokwa jasho. Nilimwambia, "Mwanangu akifa itakuwa juu yako!" Akanijibu, "Ngoja." Ule moto ukapanda, ukapanda, halafu, bila mimi kufanya lolote, ukaanza kushuka wenyewe. Miaka sita sikuwahi kungoja vya kutosha nikauona unashuka!

Tulianza na kufuli la duka. Mama Zuhura alinisimamia. Nikianza kusogeza midomo alipiga kelele, "Mguu wa kulia huo!" na wapita njia wakamshangaa. Kisha ngazi. Mwisho kabisa, Magogoni. Mara ya kwanza nilifika getini nikarudi nyumbani. Mara ya pili vile vile. Niwe mkweli, sikuwa shujaa. Mara ya tatu nilisema Amina moja, mikono mifukoni, picha ya maji ikiwa wazi mbele yangu, nikakanyaga chuma. Nikavuka.

Wifi alifungua mlango. Eli alikuwa ukumbini. Kabla hatujatoka nikasema, "Mwanangu, tuombe, twende nyumbani." Nikamshika mkono, nikaomba kwa kifupi, nikasema Amina. Akanyanyua kidole kimoja cha mkono ule mwingine, akangoja. Akaniangalia. "Mama, umesahau zingine."

"Sijasahau," nikamwambia. "Twende."

Mungu wangu ni mwema! Alinikomboa kwa mdomo wa muuza kanga, kwa karatasi ya daktari, kwa kidonge ninachomeza kila asubuhi na chai ya moto. Sioni aibu, wala sitaki mnisifu kama Jenerali. Zipo siku njia ile ya zamani inaniita, na ipo siku nitarudia Amina mara mbili tatu. Nikiteleza, nitaanza tena kungoja.

Lakini wewe uliye hapa, unayenawa mpaka ngozi inachanika, unayerudi mara nane kuangalia jiko, unayeogopa wazo lililopita kichwani mwako kiasi kwamba humwambii hata mchungaji: wazo si nia. Mwenzangu, hujaachwa. Mtumaini Mungu, na uende hospitali. Atakayekuambia utupe dawa ili uonyeshe imani, mlete kwangu tuzungumze. Na ukitaka wa kukusindikiza, duka langu unalijua. Nitafunga, tutaenda.

Sasa Mchungaji ameniomba nifunge kwa sala. Eli, njoo mama. Nipe mkono. Mnaona, viganja vyangu havikutani, kimoja kina kazi. Na niwaambie ukweli, ile picha imeshafika, iko hapa, naiona. Acheni iwepo. Tutaomba kwa kifupi, kisha nitasema neno lile, nitakwenda kukaa na mwanangu, na anayepika nyumbani ataliwahi jungu lake.

Baba, umetushika. Amina.