Gwantwa Kibona, Aliyeomba Kuni za Msiba Wake Zipimwe

Mchungaji na wazee wa kanisa, mheshimiwa diwani, watumishi wenzake wa halmashauri, ndugu zetu wa Ileje mliosafiri na baridi hii ya Julai, na ninyi majirani wa Chapwa ambao hamjalala kwenu tangu Jumanne, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni Jenista, mtoto wa pili wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba wenzake wa kazini walipendekeza asome Lusungu, aliyekuwa msaidizi wake, nami nikakataa, kwa sababu mama ni wangu, na kama kuna anayeona nimekosea tukutane baada ya mazishi.

Gwantwa Lwitiko Kibona alizaliwa tarehe 14 Juni 1971 katika kijiji cha Ibaba, wilayani Ileje, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Lwitiko Kibona, ambaye alitangulia, na bibi yetu Fides, ambaye amekaa hapa mbele yenu, na ambaye anasema mtoto huyu alipotumwa kuni pamoja na wenzake alirudi na mzigo mdogo kuliko wote, na akigombezwa anajibu kwamba nyingine ameziacha za kesho.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari Mbeya kuanzia 1986 hadi 1989, kisha mwaka 1991 akajiunga na Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, akahitimu mwaka 1993, akiwa na koti moja la baridi ambalo bado tunalo na hakuna anayeruhusiwa kulitoa sadaka.

Januari 1994 aliajiriwa kuwa bibi misitu wilayani Mbozi, akaishi Nanyala, na mkoa wetu wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016 alihamia hapa Tunduma kama afisa mazingira. Mwaka 2019 alipewa kazi ambayo wengi wenu mliiona ya kichaa, kazi ya kupima unyayo wa mji, yaani kujua ni ardhi kiasi gani inatumika huko na huko ili sisi wa Tunduma tule, tupike, tuoge, tujenge na tutupe taka zetu. Katika kipimo cha kwanza kamati ya wataalamu ilihesabu miti iliyokatwa ndani ya mipaka ya mji peke yake, ikakuta karibu hakuna, wakapongezana, soda zikaletwa, na mama akagoma kunywa, akawaambia kwamba mtu anayekula kwa jirani kila siku hawezi kujisifu kuwa nyumbani kwake unga hauishi, kwamba mkaa wetu unatoka kwenye miti ya watu wa bonde la Momba, na kwamba mti uliokatwa Kamsamba ukaungua Chapwa ni wa Chapwa, uandikwe Chapwa.

Hapo ndipo alipoanza kupita nyumba kwa nyumba na ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia magunia, inayofungwa katikati ya mti, watu wawili wanaubeba mti mabegani, mmoja mbele na mmoja nyuma, mzigo unaning'inia katikati yao. Walipima mkaa wa nyumba Jumatatu, wakapima uliobaki Jumatatu iliyofuata, wakapima na ndoo ya taka, kisha mama akageuza kilo zile kuwa ekari, ili mwenyekiti wa mtaa aone kwa macho yake msitu ambao mtaa wake unaumaliza kwa mwaka. Bega la mbele lilikuwa la mama, bega la nyuma lilikuwa la Lusungu, binti wa Nanyala aliyekuja kujitolea akiwa na umri wangu huu wa leo, na watoto wa mitaani waliwaimba njia nzima, Mama Mizani huyo na mkia wake, na mimi niliyekuwa nikisikia wimbo ule nikiwa dirishani sikukasirikia neno mkia, nilikasirika kwamba mkia sikuwa mimi.

Nyumba ya kwanza kupimwa ilikuwa yetu, mwaka 2020, na katika mkutano wa mtaa, mbele ya watu wote, mama alisoma kwamba nyumba ya afisa mazingira inatumia mkaa mwingi kuliko nyumba ya jirani yetu Mama Bushra yenye watu tisa, sababu ikiwa ni binti mmoja wa kidato cha nne anayechemsha maji ya kuoga asubuhi na jioni na kupiga pasi ya mkaa sketi ambayo haina kosa lolote. Mama Bushra alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, Jenista mwanangu, kumbe msitu wa Kamsamba unauvaa wewe, na mpaka leo nikipita sokoni wapo wanaoniita Kamsamba, wanajijua, wengine naona mmevaa nyeusi hapo mstari wa tatu.

Msije mkasema alipima tu, maana vipimo vile ndivyo vilivyoonyesha pa kuanzia, na si kwenye mabango, ni kwenye majiko makubwa. Shule za bweni zikaacha kuni zikaanza kutumia mkaa wa maganda ya kahawa ya Mbozi, mama lishe wa stendi wakapata majiko banifu, taka za sokoni zinazooza zikatenganishwa zikaenda mashambani, madereva wa malori kwenye foleni ya mpaka wakaombwa wazime injini, na wale Wazambia waliokuwa wakimcheka wakaishia kumwamkia Bamayo, yaani mama kwa lugha yao. Matokeo ya mtaa mmoja aliyasoma kwenye mkutano wa mtaa mwingine, kwa makusudi, watu wakanuna, na kipimo kilichofuata wamepunguza, kwa maana alikuwa akisema wivu ndio kuni pekee zinazowaka bila mti kukatwa. Alijua alichokuwa akisema, alikuwa nao ndani ya nyumba yake.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni misiba. Alijua kwamba moto wa matanga, pamoja na masufuria ya kulisha waombolezaji, unameza kuni nyingi mno, na kwamba hesabu ya mji isiyo na misiba ni hesabu yenye tundu, lakini kila nyumba aliyoiomba ilimfukuza, na mmoja alimwambia kwamba akitaka kupima msiba asubiri wa kwake.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na baba yetu, Yesaya Silwimba, fundi matairi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Brian mwaka 1999, mimi mwaka 2003, na Anyitike mwaka 2009. Mji mzima ulimwita Mama Brian, kwa hiyo hata kwenye jina lake sikuwahi kuwamo, nikavumilia, huyo ni kaka yangu, lakini Lusungu mama alimwita mwenzangu, na sisi wote watatu tulikuwa mwanangu, na ninyi majirani pia mlikuwa mwanangu, mwanangu walikuwa wengi kama mahindi, mwenzangu alikuwa mmoja.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani, akatibiwa Mbeya na baadaye Dar es Salaam, na Mei mwaka huu 2025 akarudishwa nyumbani. Niliahirisha mwaka wa masomo nikamuuguza, nikamlisha uji, nikambeba, na kila mlango ulipogongwa aliuliza kama ni Lusungu, hivyo mimi ndiye niliyemwogesha na yeye ndiye aliyesubiriwa. Wiki moja kabla ya kufariki alimwachia wasia Lusungu, si mimi, mbele ya baba na bibi, kwamba kuni za msiba wake zipimwe, lundo lote kwa pamoja, si mzigo wa mtu mmoja mmoja, ili jirani yeyote asiaibike. Lusungu alipotoka nilimuuliza mama kwa nini hakunipa mimi, akanishika mkono, akasema, wewe Jenista utabishana nao, utawashinda, na kuni zitakuwa zimeshaungua. Alifariki Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani hapa.

Siku hiyohiyo Lusungu alifika na mizani, wazee wakaitoa mikononi mwake, ikafungiwa stoo, na baba mkubwa akasema kwamba kuni za biashara ndizo zinazopimwa, kuni za msiba ni machozi ya watu, na ukianza kuzitia mizani unamwambia jirani ameleta kidogo. Baba mkubwa, nakuheshimu, na hoja yako ni nzito, lakini Mama Bushra alikujibu palepale kwamba yeye ameleta magogo ya mkaratusi, apimwe, akionekana mchoyo ataongeza. Mimi nilibishana nanyi siku mbili, nikawashinda, mnajua niliwashinda, na lundo lote la kwanza likaungua bila kupimwa, sawasawa na alivyosema.

Asubuhi hii baba ameniwekea ufunguo wa stoo kiganjani akasema, usibishane Jenista, fungua tu. Nimefungua. Kuni zilizoletwa leo kwa ajili ya chakula chenu ziko nyuma ya jiko, hazijaguswa, na tukitoka makaburini zitapimwa kabla ya moto kuwashwa, na kiasi kitasomwa kwenye mkutano wa mtaa kama cha nyumba nyingine yoyote, nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kupimwa na msiba wetu uwe wa kwanza. Nawe Lusungu, sijaacha kukuonea wivu, usidhani, ila mti ule wa mizani haubebwi na mtu mmoja, kwa hiyo simama nyuma ulipozoea, mbele ni pa mama, na leo pa mama nasimama mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya na Dar es Salaam waliompunguzia maumivu, mchungaji na kwaya, halmashauri iliyomwamini, wenzake wa ofisini waliobeba zamu zake, majirani mlioleta unga, maji na kuni, kila mmoja kwa alichokuwa nacho, na tunaomba atakayesikia kilo zikisomwa asitafute mzigo wake humo.

Bwana alitoa na ametwaa, jina lake lihimidiwe. Mama, lala kwa amani, bega la mbele lina mtu.