Mwalimu Jotham Wakoli (1958–2025), Aliyewajua Watu Kabla ya Kuwaandika

Mwalimu Jotham Wakoli alizaliwa Kibabii tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mzee Wamalwa na mama Nangila. Mwaka wa 1965 familia ilihamia Naitiri, akasomea huko shule ya msingi. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba akitumwa chumvi, Jotham alirudi na habari za soko zima, bila chumvi.

Alihitimu ualimu mwaka wa 1980, akapelekwa Kitale kufundisha Kiswahili. Mwaka wa 1983 aliwaandikia wanafunzi mchezo wake wa kwanza wa kuigiza. Wahusika walikuwa kumi na wawili: Wabukusu wenzake kumi na mmoja, na Mkikuyu mmoja, mwizi wa mahindi. Watu walicheka sana. Mchezo ulipokwisha, muuza viazi Mkikuyu wa Kipsongo, Rosaline Wangui, alisimama katikati ya wazazi.

"Mwalimu, wewe unajua Wakikuyu wangapi?"

"Kusema ukweli, hakuna."

"Na wezi wa Kibukusu?"

"Hao najua wawili."

"Si basi ungeandika hao!"

Aliona haya. Jumamosi iliyofuata alikwenda kibandani kwa Rosaline na daftari, akaketi hadi jioni, akimsikiliza akigombana na kucheka na wateja. Jumamosi zikawa nyingi. Alipotaka kumwoa, mzee Wamalwa alikataa mwaka mzima, hataki mkwe Mkikuyu.

Julai 1985, mchezo wake mpya uliigizwa Bungoma. Ndani yake mlikuwa na mama Mkikuyu, mkali wa bei, mkarimu wa chai. Mzee Wamalwa alitazama hadi mwisho, akauliza, "Huyu mama ako wapi kabisa? Nataka kumusalimia." Rosaline aliitwa. Wakafunga ndoa Kitale tarehe 13 Desemba 1986, na mzee ndiye aliyecheza ngoma kuliko wote.

Hadi alipostaafu mwaka wa 2018, Mwalimu aliandika michezo kumi na tisa. Hakumwandika Mkalenjin kabla ya kulima na mzee Kipkosgei, wala kiziwi kabla ya kujifunza lugha ya ishara kwa Jepchirchir, fundi wa nguo asiyesikia. Wanafunzi aliwaambia, "Kabila si tabia. Nenda ukamuulize mwenyewe."

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Wodini, muuguzi Munene alimsihi anyamaze apumzike.

"Napumzika, mwanangu. Wewe ulizaliwa wapi?"

Aliaga dunia asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, Rosaline akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Rosaline. Watoto Nekoye, Ndirangu na Viola. Na wajukuu saba. Apumzike kwa amani, Mwalimu wetu, na majirani wake wapya wajiandae kwa maswali.