Jibu la Mama Akot kwa Kapteni Olweny

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu cha mbio za magari. Mheshimiwa Diwani, uliyefika kabla ya chakula, jambo ambalo Mbuya haijawahi kuliona. Mchungaji na Shekhe, mliokaa meza moja kama tunavyokaa katika nyumba zetu hapa kilimani. Bwana Obura, mwenye timu mpya ya Bukoto. Mafundi wa timu ya Korongo, wachache mliobaki. Wageni waalikwa, na ninyi mliosikia harufu ya pilau mkajialika wenyewe: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi ni Nelima. Wengine mnanijua kwa duka langu la vipuri kule Kisugu, wengine mnanijua kama yule Mkenya aliyeolewa na Ojera, Ojera akafa, na bado akakataa kurudi kwao. Yote ni kweli, sina ugomvi.

Wanasema hotuba ya kuagana iwe fupi. Ingekuwa fupi kama ningekuwa nimeitwa kuaga tu. Timu ya Korongo inafungwa leo. Gari la mwisho limeshauzwa, na karakana hii tuliyokaa itageuzwa ghala la saruji. Bwana Obura anamtaka Kapteni Olweny kwake Bukoto, nami nampongeza, maana vijana wengi wenye fedha hununua gari kwanza, akili wakaitafuta baadaye. Ila ametoa sharti: Kapteni aje na msomaji wake. Na msomaji wake, yule anayekaa kushoto kwake akimtajia kila kona kabla hawajaifikia, ni Akot, binti yangu wa pekee. Kapteni naye ametoa sharti lake: hatatia saini mpaka mimi niseme ndiyo au hapana mbele za watu, na lolote nitakalosema atalifuata. Kwa hiyo ninyi mmekuja kula, mimi nimekuja kujibu.

Kwanza nimsifu, maana anastahili, na akisifiwa huwa anaangalia viatu vyake, nami napenda kumwona hivyo. Vita vilipokwisha mwaka wa themanini na sita, huyu alikuwa kijana wa jeshi anayeendesha malori ya unga, na barabara zetu zilikuwa mashimo yaliyounganishwa na vumbi. Nani alifikiri kwamba katika nchi iliyotoka kuzikana, watu wangejipanga tena kando ya barabara kwa furaha? Walijipanga. Walijipanga kumwona Olweny. Alikuwa bingwa wa taifa, akarudia, akarudia tena, mpaka watoto wa Kisugu wakisukuma matairi ya baiskeli wakawa wanapigana ni nani atakayekuwa Olweny. Siku ya harusi yangu ni yeye aliyenileta kwa gari kutoka Malaba, mpakani. Nilifika kwa wakwe nimetapikia gauni, na mama mkwe akauliza kama nimeletwa tayari na mimba. Banange, jamani! Mnacheka, lakini nilikaa mwaka mzima nikijitetea.

Na kushoto kwake, miaka yote hiyo, alikaa mume wangu.

Naomba niseme kuhusu Ojera taratibu, kwa sababu hapa kuna vijana ambao hawakumjua. Ojera hakuwa mtu wa maneno nyumbani. Ukimwuliza chakula kikoje, anasema kimefika. Lakini ndani ya gari alikuwa na sauti ambayo Kapteni aliiamini kuliko jua. Kuna methali husema mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye gari la mbio methali hiyo ni uongo mtupu. Vumbi limejaa, kona iko nyuma ya kilima, macho yamefika mwisho wake. Anayekuambia kulia, unakwenda kulia, na uhai wenu wote wawili umo katika hilo neno moja.

Mnajua tabia ya watazamaji wetu. Kamba hawaijui. Husimama upande wa ndani wa kona ili gari lizunguke mbele ya macho yao. Ndiyo maana madereva wetu, na ni wetu tu, wamejifunza kuzisoma kona kwa kuwasoma watu: umati uko kushoto, basi njia inakata kushoto. Mgeni akija na gari zuri kutoka nje alikuwa anashindwa hapo, na sisi tunamcheka.

Siku ile, barabara ya Mityana, watu walikuwa wamejaa kushoto. Ojera alisema kulia. Alisema kulia mara ya pili, kwa nguvu. Kapteni akawaona watu, akawaamini watu, akakata kushoto. Na kushoto hapakuwa na njia. Palikuwa na mti. Wale hawakuwa watazamaji. Walikuwa wamesimama pale wakisubiri jeneza la mzee wao litoke hospitali. Wao ndio waliokimbia kumtoa mume wangu kwenye gari. Walikuja kuzika mmoja, wakapata wa pili.

Watu waliniambia ajali haina kinga. Waliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Niliwaitikia, niliwapa chai, nikawachukia. Mtu mmoja tu hakuniambia hivyo. Kule nyumbani kwa akina Ojera, kaburi likiwa bado wazi, Kapteni alisimama na mkono wake umefungwa bendeji, akasema mbele ya ukoo mzima: “Ojera alisema kulia. Mimi nilikwenda kushoto.” Akakaa. Ndugu zake Ojera walitaka kumpiga. Mimi niliwaambia mwacheni, huyu ndiye pekee aliyesema kweli leo.

Je, ukweli unalisha mtoto? Haulishi. Je, unapasha kitanda joto? Haupashi. Nimelia miaka mingi, waheshimiwa, na bado nalia nikisikia gari linabadilisha gia kwenye mteremko wa Mbuya. Sitawadanganya kwamba yamekwisha.

Baada ya hapo hakuna aliyekubali kukaa kushoto kwa Kapteni. Alibaki kuendesha gari la kubeba mafundi. Mpaka Akot, aliyezaliwa siku ya mvua na tangu siku hiyo hajawahi kungoja ikatike, akamaliza shule na kwenda kwake bila kuniuliza. “Mzee,” akamwambia, “baba alikuwa anakaa wapi?” Nilipojua, nilivunja sahani mbili, na moja haikuwa yangu.

Wamekimbia pamoja miaka mitano, hawajashinda hata mara moja. Ninyi mnaona ni magari mabovu. Mafundi wanaona zaidi. Mzee Opoka, fundi wetu mkuu, alikuja dukani mwezi uliopita, akashika chujio ambalo hakuwa na haja nalo, akasema, “Mama, Kapteni sasa anachelewa. Akot anasema kona, yeye iko anafikiri kwanza.” Sikushangaa. Amekaribia miaka sitini, na tangu siku ile, kabla ya kila kona, anaangalia kama kuna watu. Shemeji Kapteni, nisamehe kusema hadharani. Ni wewe uliyetaka hadhara.

Nilimwuliza Akot: nikikataa utafanya nini? Akanijibu, “Mama, ukikataa nitakaa nyumbani. Lakini nitakuwa nimekaa tu.” Naye ni binti yangu, hajui kusema uongo kwa upole.

Basi nifanye nini mimi? Niseme hapana, nimweke binti wa miaka ishirini na sita dukani akihesabu plagi mpaka azeeke? Au niseme ndiyo, nimkabidhi kwa mikono ileile, nikae Kisugu siku za mbio nikiogopa simu?

Kapteni, sikiliza. Jumapili iliyopita ulikuja kwangu kula, ukaniita Mama Akot kwa lugha yenu ya nyumbani, ukaniambia ukitabasamu, “Min Akot, huyu mtoto akishika usukani ananishinda. Anaingia kwenye kona pale mimi ningekanyaga breki.” Ulidhani unamsifu kwa mama yake. Mimi sikulala.

Jibu langu ni ndiyo. Ngojeni, msipige makofi. Ndiyo, Akot aende Bukoto, lakini kulia, kwenye usukani. Na wewe, shemeji, ukae kushoto. Usome wewe. Hakuna mtu Uganda hii anayejua gharama ya neno la msomaji kama wewe unavyoijua, na ndiyo maana kwa sauti nyingine yoyote simtoi.

Bwana Obura, najua ulikuja kutafuta bingwa wa usukani, na picha yake umeshaichora kwenye lori. Ukiona nimekuharibia, sema sasa, chakula bado cha moto.

Na wewe Kapteni, najua ninachokunyang'anya. Usukani ndio uliokufanya mtu mbele ya watu, na mimi ninakwambia uuache mbele ya watu haohao. Ninaona unalia. Lia, ndugu yangu, hapa hakuna mgeni. Sikukuchukia siku ile kaburini, na leo sikuadhibu. Ninakupa mwanangu. Jibu, basi.

Amesimama. Waheshimiwa, mmemwona, amesimama. Ametoa mfukoni funguo za gari jipya alizoachiwa na Bwana Obura, anampa Akot, na Bwana Obura mwenyewe anapiga makofi.

Haya. Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, nawashukuru sana. Mchungaji, Shekhe, ombeeni chakula, yeyote kati yenu aanze. Mimi mniletee kiti hapahapa, na sahani.