Gidion Margwe, Mtambuzi wa Wadudu Gamba

Wazee wetu shikamooni, nanyi wengine mliofika hapa Tumati, poleni kwa msiba na kwa matope ya njiani. Marehemu Gidion Margwe alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Margwe na Mama Konsolata, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari mjini Mbulu, kisha chuo cha kilimo, alikohitimu Novemba 1982.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa mtambuzi wa wadudu waharibifu, na aliowapenda kuliko wote ni wadudu gamba, wale wanaoganda kwenye tawi, wakanyonya utomvu na kujifunika kama kidonda kilichokauka, hata mtu apite asijue kuwa ni viumbe hai. Alitufundisha sote, tupende tusipende, kwamba gamba peke yake halitoshi kumtaja mdudu, bali ni lazima jike lililokomaa lifunuliwe, lichemshwe kwenye dawa, litiwe rangi, lilazwe kwenye kioo, na vitundu vya mkiani vihesabiwe kwa hadubini. Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na Getruda, aliyevumilia matawi yenye wadudu ndani ya friji, kando ya maziwa, na Mungu akawajalia Violeth, Festo na Judica.

Linalofuata ndugu wengine walitaka liachwe, lakini marehemu aliagiza lisomwe. Septemba 2016 aliitwa Masieda, ambako miparachichi ilikuwa imejaa gamba, na kwa kuwa watu walikuwa na hofu na wakubwa walitaka jibu siku hiyo hiyo, alitazama kwa lenzi ya mkononi tu, akataja jina la mdudu wa kigeni asiye na dawa, na miti 312 ikakatwa na kuchomwa. Miti 64 kati ya hiyo ilikuwa ya dada yake Genoveva, mjane, ambaye binti yake Scolastica aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa kukosa ada. Januari 2017, alipohesabu vile vitundu kwa wadudu aliowachukua Masieda, alikuta ni mdudu wa kawaida wa huku kwetu, ambaye mti huishi naye, akaripoti, akaambiwa anyamaze, naye akanyamaza miaka minne.

Alipostaafu Machi 2021 alizunguka Masieda nyumba kwa nyumba akikiri kosa, na wengi walimsamehe, lakini Genoveva alimpa maji ya kunywa bila neno.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tarehe 3 Februari 2025 alimwomba Genoveva msamaha kwa mara ya mwisho, naye akasema atamjibu akimaliza palizi, na tarehe 6, saa nne asubuhi, palizi ikiwa haijaisha, Gidion akafariki.

Genoveva huyo ndiye mimi ninayewasomea, kwa agizo lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi, wafanyakazi wenzake, na ninyi wa Masieda mliokuja kumzika.

Mdogo wangu, jibu lilikuwa ndiyo, tangu ile siku ya maji, na nilikunyima kwa kiburi tu. Pumzika kwa amani, Gidion, mimi sitaipata upesi.